Antena moja, televisheni tatu: nimejaribu splita mbili na busta kwa mama, Bombo

Karibuni tena jamani. Leo niko Bombo, nje ya Kampala, nyumbani kwa mama, mguu mmoja uko kwenye ngazi na mwingine uko kwenye bati. Mkiona picha inatikisika, kamera ni nzima, ni mimi ninayetikisika.

Kilichonileta ni kesi. Mama ana antena moja juu ya paa na televisheni tatu ndani: moja sebuleni, moja chumbani kwake, moja kule nyuma kwa wajukuu. Wiki mbili hizi amekuwa akinipigia simu: "Mwanangu, nikizima ya sebuleni, ya chumbani inakufa." Namwambia mama, hilo haliwezekani, hizo ni televisheni mbili tofauti. Ananijibu, "Basi njoo uone." Nimekuja, nimeona, na mama ana haki yake. Nitawaeleza, lakini kwanza tazameni mezani hapa.

Nina splita, kile kigawanyaji cha waya wa antena, ya plastiki ya njia nne, nimeinunua Kampala karibu na Old Taxi Park kwa shilingi elfu tano. Hii nyingine ni ya chuma, ya njia tatu, elfu kumi na tano. Hii ni busta ya ndani, kikuza mawimbi, ile ya kuchomeka nyuma ya televisheni, elfu thelathini na tano. Na hiki kidude kidogo cheusi nitakuja kukitambulisha baadaye, maana ndicho kilichomaliza kesi.

Kabla ya splita palikuwa na hiki. Oneni. Fundi aliyetangulia alimenya waya tatu, akazisokota pamoja, akazungushia selotepu nyeusi, akachukua hela yake akaenda. Banange! Waya wa antena si waya wa taa. Umetengenezwa kwa kipimo cha omu 75 kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiusokota hivi mawimbi yanagonga hapo kwenye fundo na kurudi nyuma. Enzi za analogi, kabla haijazimwa Kampala mwaka 2015, makosa haya ulikuwa unayaona kwa macho: mtangazaji anasoma habari na kivuli chake kinasoma kando yake. Dijitali haina kivuli. Inaonyesha vizuri, vizuri, halafu ghafla picha inakatika vipande kama vigae, sauti inakwama, basi. Ndiyo maana watu wanalaumu stesheni wakati kosa liko kwenye selotepu.

Haya, splita. Kuna jambo ambalo wauza duka hawalisemi: splita haizalishi kitu, inagawa tu. Ukigawa kwa wawili, kila mmoja anapata nusu, na kwa lugha ya mafundi hiyo ni kupoteza desibeli 3 hivi, ukiongeza na kinacholiwa na splita yenyewe inakuwa 3.5. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja ana robo, yaani desibeli 7 hivi zimekwenda. Sasa mama ana televisheni tatu, ya nini kumnunulia njia nne? Ule mdomo wa nne unakula bure. Na ukiwa nao tayari, usiuache wazi, kuna kofia ndogo ya omu 75 ya kuufunga.

Hii ya chuma ina siri nzuri. Sogeza kamera… soma hapa. Mdomo mmoja umeandikwa 3.5, hii miwili imeandikwa 7. Kwa ndani ni splita mbili za njia mbili zilizounganishwa: ya kwanza inagawa nusu kwa nusu, nusu moja inatoka moja kwa moja, nusu ya pili inagawanywa tena. Kwa hiyo midomo hii si sawa. Ule wa 3.5 mpe aliye mbali, kwa mama hapa ni wajukuu kule nyuma, waya wao una mita 25 hivi. Sebule ipo chini ya antena, itatosheka na 7. Nimeona watu wanachomeka popote halafu wanashangaa kwa nini chumba cha mwisho kinakatakata.

Twende kwenye vipimo. Nimetumia dekoda ileile moja, naihamisha chumba hadi chumba, naangalia ule ukurasa wa nguvu na ubora. Namba hizi hulinganishi na za dekoda ya jirani, kila kampuni ina kipimo chake. Antena ikiwa imeingia moja kwa moja: nguvu 74, ubora 100. Splita ya plastiki, chumbani kwa mama: nguvu 51, ubora unarukaruka kati ya 30 na 60, na stesheni ya UBC inakatika kila dakika. Splita ya chuma, chumba kilekile: nguvu 60, ubora 100, imetulia. Kule nyuma kwenye mdomo wa 3.5: nguvu 58 kwa sababu ya urefu wa waya, ubora 100.

Ya plastiki nimeifungua kwa bisibisi. Hakuna kikinga chochote, nyuzi zimeshikwa kwa risasi ya kulehemu iliyowekwa kwa kubahatisha, na konekta ni zile za kusukuma. Nunua ya chuma yenye konekta za kuzungusha, na iandikwe inafika angalau megahezi 900, maana televisheni zetu za dijitali ziko kwenye masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu.

Busta sasa. Hapa ndipo hela zinapopotea. Nimerudisha splita ya plastiki, nikaweka busta nyuma ya televisheni ya mama. Nguvu ikapanda hadi 88! Mama akapiga makofi. Subiri mama, tazama ubora: 55. Picha bado inakatika. Busta ni kama kipaza sauti cha msikiti, muadhini akikohoa, na kikohozi kinasikika mtaa mzima. Mawimbi yakiwa yameshachakaa njiani, busta inakuza uchakavu wake pia. Kama kweli unaihitaji, inakaa juu kabisa karibu na antena, kabla ya waya mrefu na kabla ya splita. Huko inakuza kilicho safi, halafu waya na splita zipunguze baadaye. Na ninyi mnaokaa Nakasero, Kamwokya, Naguru, mnaouona mlingoti wa Kololo dirishani, msinunue busta kabisa. Mawimbi yakizidi, kifaa cha kupokea kinalewa na stesheni zinapotea. Nimekutana na mtu aliyetoa busta ndipo akapata stesheni zote. Hapa Bombo tuko kama kilomita 35 kutoka Kampala, antena iliyo juu ya mti mrefu inatosha kama imeelekezwa vizuri.

Waya niseme kwa kifupi. Nunua waya wa antena ulioandikwa RG6, basi. Kwa kila mita kumi unapoteza desibeli moja na nusu hadi mbili, ule mwembamba wa RG59 unakula zaidi. Na konekta iliyo nje, ifunge kwa mpira usiopitisha maji, maana maji yakishaingia ndani ya waya hayatoki.

Kesi ya mama. Antena yake ni ya kisasa, ina kikuzaji kidogo ndani yake, na kikuzaji hicho kinataka volti 5. Volti hizo zinatoka wapi? Zinapanda kupitia waya huohuo wa antena, zinatumwa na dekoda ya sebuleni. Televisheni ya chumbani haina dekoda, ina kipokezi cha dijitali cha DVB-T2, T2 kwa kifupi, ndani yake, na haitumi volti yoyote. Kwa hiyo sebuleni wakizima dekoda ukutani ili Yaka, umeme wa kulipia kabla, isiishe, antena yote inalala, na mama chumbani anabaki na skrini nyeusi katikati ya filamu iliyotafsiriwa na VJ. Miaka yote naita watu "wateja hawaelewi umeme". Mama, nisamehe.

Dawa ni kidude hiki cheusi. Kinachomekwa kwenye soketi, kinawekwa kati ya antena na splita, kinatuma volti 5 juu muda wote. Elfu ishirini. Ukishakiweka, ingia kwenye menyu ya dekoda, zima ile sehemu ya kupeleka umeme kwenye antena, zisije zikakutana mbili. Na soma kibandiko! Vipo vya volti 12 vinavyofanana nacho kama mapacha, ukimpelekea volti 12 antena ya volti 5, umeipika.

Swali ninaloulizwa kila mara: je, dekoda moja ya kulipia, kwa mfano GOtv, itaonyesha stesheni tofauti kwenye televisheni tatu? Hapana. Splita inagawa kinachotoka antenani, dekoda inafungua stesheni moja kwa wakati. Stesheni za bure, televisheni yoyote yenye DVB-T2 inazishika yenyewe, lakini angalia ni T2, si T peke yake. Za kulipia, kila televisheni na dekoda yake. Na wenye dishi, splita hizi msiziguse, kile kichwa cha dishi kinabadilishwa kwa volti 13 na 18, dekoda mbili zikivutana hapo hakuna anayeona kitu. Dishi inataka vifaa vyake, nitafanya video nyingine.

Kwa hiyo kwa mama imebaki ya chuma na kidude cheusi. Busta narudi nayo Kampala kesho, muuzaji aliniahidi kubadilisha, tutaona. Ya plastiki nimewapa wajukuu waichezee.

Bado sijamaliza kuuunganisha mti wa antena na ardhi, waya wa shaba na chuma cha kuchimbiwa ardhini viko pale chini. Lakini tazameni lile wingu upande wa Luweero. Radi za huku hazina mzaha, na mimi nimeshika chuma juu ya bati. Nashuka.