Kuongoza bei na kupanga bei, siyo kitu kimoja jamani

Watu wengi wanachanganya hivi viwili na mi inaniuma, maana kimoja ni biashara ya kawaida na kingine kinakupeleka mahakamani. Kuongoza bei ni pale kampuni moja, mara nyingi ile kubwa au yenye gharama ndogo, inatangaza bei mpya hadharani, wengine wanaiangalia, wanapiga hesabu zao halafu wanafuata, hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kupanga bei ni makubaliano, mnakaa mezani "kesho wote tunapandisha", basi mteja hana pa kukimbilia.

Shida ni kwamba kwa mteja bei inaweza kufanana kabisa. Cheki U.S. Steel ya Marekani, iliundwa 1901 ikawa kiongozi wa bei za chuma, ila kuanzia 1907 mwenyekiti wake Elbert Gary akawa anawaalika washindani dinner wakiongelea bei, na hapo kwangu mimi huo siyo uongozi tena.

Tofauti nyingine ni risk. Kiongozi akipandisha na wenzake wakagoma kumfuata, wateja wanahama na inabidi arudishe bei haraka, wakati waliopanga wameshahakikishiana kabla.