Zahanati ya mtaani, pua ya mwanangu na tochi ya nesi: nawapa nyota 4

Jamani mi huwa siandiki review, nasomaga tu za watu wa chips na saluni alafu napita zangu, ila hii imenikaa kooni wiki nzima ngoja niitoe.

Mwanangu wa kiume ana miaka 3 na kidogo. Mwezi uliopita akaanza mafua ya upande mmoja. Nasema upande mmoja kwa sababu hapo ndo palikua na stori yote na mi nilikua napaona kila siku nikimfuta na wala sikushtuka, tundu la kulia linachuruzika kamasi zito la kijani, la kushoto kavuuu. Baadae ikaja harufu. Sio ile ya mdomo wa asubuhi, hii ni kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo siku tatu. Nikambadilishia mswaki, nikamsukutua na maji ya chumvi, nikafua mpaka mito, wapi.

Nikaenda kwanza sehemu moja ya private, siitaji jina, ina AC na TV ya katuni, nikalipa elfu 15 kumuona daktari. Akauliza anasumbuliwa na nini, nikasema mafua na harufu, akaandika. Hakuinuka kwenye kiti. Nikapewa amoksilini ya maji, mafua yakapungua, dawa ilivyoisha yakarudi. Nikarudi tena, elfu 15 nyingine, safari hii dawa kali zaidi, na bado hakuna aliyemwambia mtoto hata afungue mdomo. Mara ya tatu nikaona isiwe tabu nikanunua septrini mwenyewe dukani, hilo ni kosa langu kabisa, nisemeni tu nimeshazoea.

Hapo ndo akaingia mama mkwe. Kaja kutusalimia, kamsikia mjukuu anakoroma usiku na kukohoa kohoa, asubuhi kashatoa hukumu: kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimemshuka, kinamgusa koo, ndo maana ananuka, na kuna mzee anamjua anakata vizuri tu, watoto wake wote wanne walikatwa (na ni kweli, mume wangu hana kimeo, nilikuja kujua hilo baada ya ndoa!). Sasa mama mkwe sio mtu wa kubishana nae asubuhi. Nikamwambia mama, naomba tumpitishe kwanza zahanati nesi amuangalie, akisema kimeo tutaongea. Akakubali ila akasema anakuja na yeye.

Zahanati yenyewe ni ya serikali, hii hii ya mtaani ambayo sote tunaipita kwenda kupanda daladala. Tumefika saa 1 na nusu asubuhi tumeingia kwa nesi saa 5 kasoro. Bechi za mbao hazina pa kuegemea, choo hakina maji, feni moja inazunguka kwa huruma. Hapo ndo nakata nyota.

Alafu ukaingia ndani.

Nesi ni mama wa makamo, miwani imefungwa uzi mkono mmoja. Kanawa mikono kwanza, tunaona, akafuta, ndo akakaa. Akaanza kuuliza na hakua na haraka: mafua yalianza lini, upande upi, yana damu, anameza vizuri au anakataa chakula, anakoroma tangu zamani au juzi, homa, kuna kitu kikimgusa anavimba, kadi ya chanjo iko wapi. Kadi kaisoma kweli, kaangalia kama zile sindano tatu za wiki ya 6, 10 na 14 zipo, akasema hizo ndo zinamkinga na dondakoo ndo maana anaziulizia. Nilivyosema upande mmoja tu akainua kichwa akaniangalia juu ya miwani. "Upande mmoja? Una uhakika mama?" Nikasema ndio sista. Akasema haya.

Akanifundisha kumpakata: mgongo wa mtoto kifuani kwangu, miguu yake katikati ya mapaja yangu, mkono wangu mmoja unakumbatia mikono yake yote miwili na mwingine uko kwenye paji la uso. Nimewahi kumshika huyu mtoto kwa sindano tukiwa watu watatu, hivi nilimshika peke yangu.

Akatoa kioo kidogo kama kile cha poda, kakiweka chini ya pua, mtoto kafumba mdomo. Mvuke ukatokea upande wa kushoto tu, duara zuri, kulia hakuna kitu. Akakifuta akarudia. Vile vile. Akamuonyesha na mama mkwe. Kisha kwa kidole gumba akainyanyua ncha ya pua juu kidogo kama pua ya nguruwe (mtoto akacheka) akamulika na tochi, kwanza kushoto ili ajue ya kawaida ikoje, pinki, ina majimaji kidogo, ndo akahamia kulia. Akakaa kimya. Akasema kuna kitu humu, sio kamasi.

Mi moyo paa. Lakini hakukigusa! Hiki ndo kilichonifanya niandike. Angekua mwingine angekidaka na kibano pale pale. Yeye kasema akikisukuma kitarudi nyuma na kikiponyoka kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, hicho atakitoa tabibu mwenye kifaa chake, yeye anamalizia kumkagua kwanza, maana kuona kosa moja sio sababu ya kuacha kuangalia mengine.

Akaenda mdomoni. Midomo, fizi, meno (kuna moja la nyuma limeanza kutoboka, nikapewa maneno yangu kuhusu juisi), ulimi juu, ulimi chini, shavu kwa ndani. Kulikua na utando mweupe kwenye ulimi, akaupangusa na kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ukatoka wote, akasema haya ni maziwa, ingekua fangasi ingeng'ang'ania na ukiibandua unaacha pekundu. Akapapasa chini ya taya na shingoni kutafuta tezi zilizovimba. Koo kaliacha mwisho makusudi maana pale ndo watoto wanalia na ukianza nalo huangalii tena kingine. Akamwambia nguruma kama simba. Mtoto akanguruma AAAA mpaka watu wa nje wakacheka, na kijiti hakukihitaji hata, koo lote lilikua wazi.

Sasa mama mkwe. "Nesi, kimeo umekiona kilivyo kirefu?" Nilitaka kuzama chini. Nesi wala hakumcheka, wala hakumfokea. Akampa tochi. Akasema bibi njoo uangalie mwenyewe, mjukuu nguruma tena. Bibi kainama kachungulia. Kisha nesi ananigeukia, mama na wewe fungua mdomo, bibi achungulie na chako alinganishe. Basi wapendwa, nikakaa pale nimeachama mbele ya mkwe wangu nasema aaaa, na mkwe wangu kashika tochi ananimulika koo kama fundi gari. Kimya. Mwisho akasema, "Chako kirefu zaidi." Nesi akamwambia unaona kinapanda juu katikati akisema aaa? Hiyo ndo kazi yake, kinasaidia chakula kisipande puani, na kikipanda katikati bila kuvutwa upande tunajua mishipa ya fahamu iko sawa, ukikikata mtoto harufu haitaondoka ila anaweza kuvuja damu sana au kuondoka na pepopunda. Tonsesi nazo kaandika 2+, akaeleza wanazipima mpaka 4, yaani 4 ni zile zimegusana, na kwamba watoto wa umri huu kwa kawaida wanakua nazo kubwa kuliko sisi kwahiyo ukubwa peke yake sio ugonjwa.

Tabibu akaja, kibano chembamba, sekunde kama kumi, mtoto kapiga kelele moja. Kimetoka kipande cha sponji ya godoro. Kimekua cheusi, na ile harufu chumba kizima ikajaa, mama mkwe akatoka nje. Godoro letu lina shimo pembeni, nimelijua siku zote. Nikamuuliza mtoto mbona uliweka, akasema "kilikua kinalala". Akamuangalia tena na tundu la pili na masikio, kama kuna vingine, wakikuta kimoja huwa wanatafuta.

Kabla hatujatoka nesi akanipa mambo mawili ambayo nawaandikia hapa kama alivyosema. Ikiwa kilichoingia ni betri ya saa au ya rimoti ile ya duara, usisubiri kesho, usisubiri foleni, ni hospitali saa hiyo hiyo maana inaunguza nyama ndani ya masaa machache. Na mtoto mwenye homa anayetokwa udenda, hawezi kumeza na anakoroma akivuta pumzi, usimwingize kijiko mdomoni kuangalia koo, muache akae alivyojikalia mwenyewe na mumkimbize.

Malalamiko yangu mengine: tochi ilizima katikati akamalizia na ya simu yangu, chaji asilimia 9. Na sauti ya nesi. Mlango ni pazia, na yeye anaongea kama yuko sokoni, kwahiyo bechi zima lilijua mwanangu ananuka pua na mi kimeo changu kirefu. Sista nakupenda ila punguza.

Hela: chini ya miaka 5 hatukulipa kitu. Linganisha na elfu 30 za AC.

Ni siku ya sita leo, kukoroma kumeisha, tundu la kulia kavu. Jina la nesi siweki, kaniomba. Mkienda msiende Jumatano, hapa kwetu ndo siku ya kliniki ya kupima uzito, mtakaa mpaka saa 9.