American Idiot, toleo la miaka 20: ukiwa Tabora ununue lipi?

Green Day, bendi ya panki ya Marekani, walitoa albamu ya American Idiot Septemba 2004, wakati Marekani iko vitani Iraq na kampeni za urais zimepamba moto. Oktoba 2024 albamu hiyo ikarudi sokoni kuadhimisha miaka 20, safari hii ikiwa na mzigo mkubwa: boksi la CD 4 na diski 2 za video za Blu-ray, na boksi jingine la santuri 8. Wapenzi wa panki hapa Tabora si wengi, ila tupo, na kila tukikutana swali ni moja: hela iende wapi?

Niseme mapema ninachokitafuta mimi kwenye toleo la kumbukumbu. Albamu yenyewe ya nyimbo 13 unaweza kuipata popote. Kinachofanya toleo hili lidai hela yako ni demo, yaani rekodi za majaribio za kabla ya albamu, na onyesho la Irving Plaza, New York, lililorekodiwa tarehe 21 Septemba 2004, siku ileile albamu ilipoingia madukani Marekani. Kumbuka bendi hii ilikuwa imekaribia kumaliza albamu nyingine, Cigarettes and Valentines, kanda zake zikapotea mwaka 2003. Wakaamua kuanza upya na prodyuza wao Rob Cavallo. Ukisikiliza demo unawasikia watu wakitafuta njia: sauti bado mbichi, gitaa halijapigwa msasa, hasira dhidi ya televisheni inayowatisha watu wake ndiyo kwanza inapata maneno.

Na si kila wimbo ni wa vita. Wake Me Up When September Ends wengi wanauweka kwenye fungu la Iraq kwa sababu video yake ina kijana anayekwenda jeshini. Mwimbaji wa bendi, Billie Joe Armstrong, aliuandika kwa ajili ya baba yake, aliyefariki kwa saratani Septemba 1982, yeye akiwa na miaka 10. Upande wa siasa, moto haujazimika: mkesha wa mwaka mpya wa 2024 Armstrong alibadilisha maneno kidogo kwenye wimbo wa American Idiot, mubashara kwenye televisheni, akawalenga wafuasi wa Trump, na mabishano yakaanza upya. Mji uliolea bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz unajua muziki ni zaidi ya kucheza, kwa hiyo hili halitupi shida kulielewa.

Sasa tupange.

1. Boksi la CD

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, kwa mwenye uwezo. Demo zipo, Irving Plaza ipo, na CD inasomeka na deki yoyote ya DVD iliyobaki sebuleni. Angalizo kubwa ni Blu-ray: deki ya DVD haiisomi kabisa, maana Blu-ray inahitaji mwanga wa leza wa aina nyingine. Usidanganyike kwamba diski zinafanana umbo. Kama huna mashine ya Blu-ray, hesabu kwamba unanunua CD 4 tu, kisha ujiulize kama bei bado inakuridhisha. Kwangu mimi inaridhisha. Marafiki watatu au wanne wakichangia inakuwa nafuu zaidi, kwa sababu ushuru na usafiri mnalipa mara moja.

2. Kusikiliza mtandaoni kwa kulipia

Spotify inafanya kazi Tanzania tangu 2021. Lipia mwezi mmoja, pakua albamu nzima ukiwa kwenye Wi-Fi ya uhakika, kisha sikiliza bila bando. Kwa ubora wa kbps 320, albamu ya awali ya dakika 57 inakula takriban MB 140, na demo na onyesho ukiziongeza ni zaidi ya hapo mara kadhaa, hivyo usiipakue kwa bando la siku. Ukiacha kulipia, nyimbo ulizopakua hazifunguki tena. Hiyo ndiyo sababu nimeiweka ya pili. Lakini kama hujawahi kusikia demo hata moja, anzia hapa kabla ya kuagiza boksi lolote.

3. CD moja ya 2004

Nyepesi, hupatikana ikiwa imetumika kwa bei ndogo, na inaingia kwenye bahasha. Haina demo. Inamfaa anayetaka albamu na karatasi yake ya mashairi, basi.

4. Boksi la santuri 8

Najua lilivyo zuri. Ule mkono ulioshika bomu lenye umbo la moyo, kwenye jalada la ukubwa wa santuri, unavutia kuliko popote pengine. Ila fikiria mzigo. VAT ya asilimia 18 kwenye bidhaa ya nje haipigwi kwenye bei ya dukani peke yake. Nauli ya kuileta inaingia kwenye hesabu, na ushuru wa forodha pia. Santuri 8 ni kilo kadhaa, kwa hiyo uzito unaulipia mara mbili. Halafu kuna safari ya kutoka Dar hadi Tabora kwenye buti la basi lenye joto. Santuri ikipinda, haisikilizwi tena vizuri.

Likifika salama, tatizo ni mashine. Gramafoni ya mzee yenye sindano iliyochoka itachimba santuri mpya ndani ya muda mfupi. Na sabufa nyingi tunazotumia hazina sehemu ya kuchomeka gramafoni moja kwa moja. Bila kikuza sauti chake maalumu, muziki unatoka dhaifu na besi inapotea. Kama tayari una mashine nzima yenye sindano mpya, mpangilio wangu usikuzuie.

Kujaziwa nyimbo kwenye flashi pale kibandani sikuipa nafasi. Wasanii hawapati kitu, na mara nyingi faili zimebanwa mno, nyingine zimekatwa mwisho. Albamu hii ni hadithi inayosonga: Holiday inaingia moja kwa moja ndani ya Boulevard of Broken Dreams. Ukikatwa pale, umepoteza.

Ukishakuwa na CD zako, zihamishie kwenye laptop kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, kama akiba, kisha tengeneza nakala ya MP3 ya kbps 320 kwa ajili ya flashi, maana sabufa nyingi za bei nafuu hazisomi FLAC. Laptop mpya hazina sehemu ya CD, hivyo utahitaji kisomeo cha nje cha USB. Na sabufa hizi hupiga nyimbo kwa mpangilio ulionakiliwa, bila kujali namba zilizo mbele ya majina. Fomati flashi kwanza, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.