Ulipie Wapi Muziki Kama Una Chati Yako Mwenyewe: Nimezipanga Kuanzia ya Kwanza Hadi ya Mwisho

Mtu akiniuliza alipie programu gani ya muziki, namuuliza kwanza kama ana chati. Sina maana ya chati ya redioni wala ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Nauliza chati yake: nyimbo 20 anazozipenda wiki hii, zimepangwa kwa namba, ya kwanza hadi ya mwisho. Kama hana, programu yoyote itamfaa, maana zote zina nyimbo nyingi kuliko atakazozimaliza maisha yake yote. Kama anayo, au anataka kuanza, jibu linabadilika kabisa. Chati inataka ngoma mpya kila wiki, la sivyo inadumaa. Inataka uweze kuirudia ngoma ileile Jumanne na Alhamisi hata bando likiwa limekata. Na inataka uchaguzi ubaki mkononi mwako. Kwa vigezo hivyo vitatu nimepanga orodha hii, na kipaumbele nimekipa muziki wa kucheza na pop: amapiano, singeli, bongo fleva ya kuruka, house, na pop ya redioni.

Kabla ya kutoa hela, ielewe kazi yenyewe. Chati yangu iko kwenye daftari la shule, ukurasa mmoja kwa wiki. Kushoto kabisa kuna namba ya wiki hii, pembeni yake namba ya wiki iliyopita, halafu jina la wimbo na msanii, na mwisho wa mstari idadi ya wiki ambazo wimbo umekaa. Ngoma mpya naiandika kwa wino mwekundu. Iliyopanda inapata alama ya kujumlisha, iliyoshuka ya kutoa, iliyogoma pale pale inaachwa tupu. Ukifungua kurasa nne mfululizo unaona safari ya wimbo mmoja kwa jicho tu: 17, 9, 4, 4. Unajua umefika kileleni mwake.

Sheria ni mbili. Ya kwanza: ngoma haiingii mpaka niisikilize siku tatu tofauti. Muziki wa kucheza unavutia haraka mno. Besi ya amapiano kwenye spika kubwa itakufanya uamini umepata namba moja usiku huohuo, na siku ya tatu, kwenye daladala, na hedifoni ya kawaida, ndipo unasikia kama kuna wimbo au kuna besi tu. Ya pili: baada ya wiki 20 ngoma inastaafu, hata kama bado iko namba mbili. Inauma, lakini bila sheria hiyo chati inajaa vipenzi vya zamani na wageni wanakosa pa kuingilia.

Sasa piga hesabu ya bando. Wimbo wa dakika tatu na nusu, kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, unakula kama MB 2.5. Kwa kilobiti 320 ni zaidi ya MB 8. Chukua wagombea 10 wa wiki, yaani ngoma zinazotaka kuingia kwenye chati, kila mmoja usikilizwe mara sita: kwa ubora wa chini hiyo ni MB 150 ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni, na MB 25 tu ukiwa umezipakua mara moja. Ndiyo maana katika orodha hii uwezo wa kupakua unapita uzuri wa sauti. Anayekuambia anza na ubora wa juu kabisa hajawahi kununua bando la siku.

1. Spotify ya kulipia

Ilifika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, na kwa mwenye chati sijaona ya kuishinda. Sababu kubwa ni ratiba. Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zimekubaliana kutoa kazi mpya siku ya Ijumaa, na siku hiyohiyo Spotify inakuletea orodha ya Release Radar, yaani kazi mpya za wasanii unaowafuata na unaowasikiliza. Jumatatu inakuja Discover Weekly, nyimbo 30 za watu ambao pengine hujawahi kuwasikia. Ijumaa na Jumatatu: hapo wagombea wako wa wiki nzima wamepatikana. Pakua wale kumi waliokugusa, futa wengine, na mpaka Jumapili daftari lina kazi.

Lakini orodha hizo zinakuwa nzuri kwa kadiri ulivyozilisha. Fuata wasanii kwa kubonyeza kitufe, usitegemee mashine ikukisie. Kwenye muziki wa kucheza, mfuate mtayarishaji kabla ya mwimbaji. Waimbaji wanapita juu ya biti za watu walewale. Ukiipenda kazi ya Scorpion Kings, watayarishaji wawili wa amapiano, mfuate Kabza De Small peke yake na DJ Maphorisa peke yake, kisha fungua majina ya waliohusika kwenye kila wimbo na uwafuate na hao. Kwa bongo fleva fanya hivyohivyo kwa mtayarishaji S2Kizzy. Wiki tatu baadaye Release Radar yako haitafanana na ya mtu mwingine.

Jambo la kuangalia: orodha yako ikiisha, programu inaendelea kupiga nyimbo zinazofanana. Usiziamini sana nyimbo hizo. Tangu 2020 Spotify ina mpango unaoitwa Discovery Mode, ambapo msanii au lebo inakubali kulipwa mrabaha mdogo ili wimbo wake upewe kipaumbele katika sehemu kama redio na mfululizo huo unaojiendesha. Wimbo unaweza kuwa mzuri, sikatai. Ila umefika masikioni kwako kwa makubaliano, na sheria ya siku tatu ndiyo dawa yake.

Na akaunti iwe yako peke yako. Watoto wakipiga nyimbo za katuni kwenye simu yako wiki mbili, Discover Weekly itakuletea katuni. Kama nyumbani mko wengi, lipieni mpango wa familia, unaochukua hadi watu sita kila mmoja na akaunti yake. Kumbuka pia kuiunganisha simu na intaneti walau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua hazitapiga.

Ukiwa na kompyuta, iunganishe Spotify na Last.fm, huduma ya tangu 2002 inayohesabu kila wimbo uliousikiliza. Haina gharama. Jumapili unalinganisha hesabu yake na hisia zako. Mara nyingi wimbo unaoutangaza kwa watu si unaousikiliza ukiwa peke yako, na mimi chati naipanga kwa ule wa pili.

2. Boomplay ya kulipia

Kwa mwenye simu ya Tecno, Infinix au itel, hii huenda tayari imo kwenye simu, maana kampuni iliyoianzisha ndiyo inayotengeneza simu hizo. Nguvu yake ni muziki wa kwetu. Bongo fleva inawekwa mapema, wasanii wa mikoani ambao hawana lebo wanapatikana, na maoni ya wasikilizaji chini ya wimbo yanakuonyesha mtaani wanasema nini. Tangu 2021 hata Billboard inahesabu usikilizaji wa Boomplay katika chati zake, kwa hiyo unapobonyeza kule, kubonyeza kwako kunahesabika mbali.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya upande wa pop ya Ulaya na Marekani. Kabla ya kulipa fanya jaribio hili, na ulifanye kwa programu yoyote: andika nyimbo 10 za chati yako ya sasa, zitafute zote kwenye toleo la bure. Zikipatikana tisa au kumi, lipa. Zikipatikana sita, programu hiyo si yako, hata kama rafiki yako anaisifia. Kama chati yako ni bongo fleva, singeli na afrobeats kwa robo tatu, iweke Boomplay juu ya Spotify na usijiulize mara mbili.

3. Bandcamp, kununua kazi moja moja

Wengi watashangaa kuiona hapa juu. Ni tovuti ya kuuza muziki, haina ada ya mwezi. Unanunua wimbo au albamu, unaipakua kama faili la MP3 au FLAC (lile lisilopunguza ubora wa sauti), na ni mali yako. Hakuna siku 30, hakuna akaunti kufungwa. Unaihamisha kwenye simu, kwenye flash, kwenye redio ya gari.

Naipenda kwa ajili ya singeli. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam, wenye kasi ya zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ulivuka mipaka kwa nguvu baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Katalogi ya lebo hiyo iko Bandcamp, na ukiingia kwenye ukurasa wa kazi moja unaona chini yake watu walioinunua. Bonyeza mmoja wao: unakuta kila alichowahi kununua. Huyo mtu amekwisha kukutengenezea chati bila kujua. Mashine hainipi kitu kama hicho, maana kule kila jina limesimama kwa hela ya mtu aliyeamua kuitoa.

Tena hela inamfikia msanii. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kwenye Bandcamp Friday, siku maalumu zilizoanza Machi 2020, inaacha sehemu yake yote. Linganisha na Spotify, ambako tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi kitu. Msanii mpya kabisa, yule ambaye chati yako ipo kwa ajili ya kumgundua, ndiye anayeumia na kanuni hiyo. Mimi ninavyofanya: wimbo ukishika namba moja kwenye daftari na upo Bandcamp, naununua.

Kikwazo ni malipo. Utahitaji PayPal au kadi. Kenya, kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi hiyo; kwingine uliza mtandao wako wa simu kama unatoa kadi ya mtandaoni. Na bongo fleva ya chati kubwa huikuti kule.

4. Apple Music

Sauti ni nzuri mno, na tangu 2021 ubora wa juu kabisa hauongezewi bei. Inapatikana hata kwenye Android. Haina toleo la bure la kudumu, na mapendekezo yake ya muziki wa kucheza yananiletea majina makubwa zaidi ya ninavyotaka. Kwa mtu mmoja tu ningeiweka ya kwanza: mwenye kompyuta anayependa takwimu. Pale unaweza kutengeneza orodha inayojipanga yenyewe kwa idadi ya mara ulizosikiliza na tarehe ya mwisho, na ukachanganya na mafaili yako ya zamani. Shazam, programu inayotambua wimbo unaosikika karibu nawe, ambayo ni ya Apple tangu 2018, ni bure kwa kila mtu na inapaswa kuwa kwenye simu yako hata usipolipia kitu. Ngoma kali unaikuta saluni, kwenye bodaboda, harusini. Sekunde kumi, umeshapata jina.

5. Audiomack na Mdundo

Kwa asiye na hela mwezi huu. Audiomack inakuruhusu kuhifadhi nyimbo nyingi bila kulipa, ina vijana wengi wanaopandisha kazi zao wenyewe, na hapo kuna dhahabu kama una subira ya kuchambua. Mdundo, iliyoanzia Kenya, inakupa faili la kupakua na miksi za ma-DJ. Miksi ni chanzo kizuri cha kugundua, ila ni kibaya cha kupangia chati: DJ anakukatia wimbo dakika moja na kuuunga na mwingine, unapenda mchanganyiko ukidhani unapenda wimbo. Ukikuta kitu kwenye miksi, kitafute kizima.

6. YouTube ya kulipia

Kutazama ni muhimu, na video mpya za hapa kwetu mara nyingi zinatangulia kule siku yoyote ya wiki bila kusubiri Ijumaa. Kwa hiyo pita kila siku, bure, usome majina. Kulipia ndiko sikushauri kwa ajili ya chati. Video inabeba wimbo: mavazi, uchezaji, gari. Na kwa bando, video inameza mara kadhaa ya sauti pekee. Ukilipia, lipia kwa sababu unataka kuzima kioo cha simu na muziki uendelee, jambo ambalo toleo la bure la YouTube halikupi.

7. Kujaziwa flash kibandani

Bei ni ndogo na unaondoka na mamia ya nyimbo kwa mpigo, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mafaili hayana majina sahihi, mengine yana sauti ya mtangazaji katikati, na ya wiki hii yamechanganyika na ya miaka mitano iliyopita. Msanii hapati hata senti. Kama ndiyo njia pekee uliyonayo, usijaziwe. Nenda na karatasi yenye majina ya nyimbo kumi uliyoyanasa redioni, mwambie kijana akuwekee hizo tu, na ukae pale uzisikilize moja moja kabla ya kulipa.