TAHADHARI: Seti za "diski za nyuma" zinazouzwa Nakuru na Kisumu

Kwa wenye Corolla 100 na 110, Sunny na mikweche mingine yenye breki za dramu nyuma: kuna seti zinazozungushwa Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp kwa jina la "diski za nyuma, unafunga tu, hakuna kukata wala kuchomelea". Picha ni za kuvutia. Diski mbili zinang'aa, kalipa (vibanio vya pedi za breki) zimepakwa rangi nyekundu, kuna braketi mbili na mipira miwili ya breki. Ukiwa Kisumu, muuzaji yuko Nakuru. Ukiwa Nakuru, yuko Kisumu. Anataka nusu ya pesa kwanza, tena kwa namba ya mtu binafsi wala si till (namba ya malipo ya biashara), halafu mzigo utapanda matatu ya usiku.

Wengine hutuma pesa na kuzuiwa palepale. Hao wana afadhali kuliko wanaoletewa mzigo.

Kalipa zilizo kwenye seti hizi kwa kawaida ni za mbele, zimeng'olewa kwenye gari lingine. Chukua venia (kipimio cha milimita) upime pistoni. Kalipa ya nyuma ya gari dogo huwa na pistoni ya milimita 30 na kitu, tuseme 34. Ya mbele hufika 51 au 54. Ukilinganisha 54 na 34, eneo linalosukumwa na mafuta ni mara mbili na nusu. Maana yake, kwa presha ileile ya kanyagio, nyuma inabana mara mbili na nusu ya inavyotakiwa. Gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na magurudumu ya nyuma yakishika kabla ya yale ya mbele mkia unakupita. Kwenye lami kavu utasikia matairi yakilia. Kwenye mteremko wa Salgaa, au ukishuka Riat kuingia Kisumu mvua ikinyesha, hutapata nafasi ya kurekebisha.

Usikubali ukiambiwa valvu ya gari itasawazisha. Valvu inayopunguza presha ya nyuma ilipangwa kiwandani kwa ajili ya dramu. Dramu hujivuta yenyewe ikizunguka, lainingi (viatu vya breki) inang'ang'anizwa ndani kwa mzunguko wa gurudumu. Diski haina tabia hiyo. Kwa hiyo hata ukipata kalipa ndogo za kweli, hesabu ya valvu inabadilika, na safari hii huenda nyuma isishike vya kutosha. Ndiyo sababu anayeijua kazi hii huuliza valvu kabla hajauliza diski.

Halafu breki ya mkono. Kalipa ya mbele kwa kawaida haina. Kalipa ya nyuma ya kweli ama ina mkono mdogo wa kuvutia kebo, na pistoni yake ina mikato usoni kwa sababu inarudishwa ndani kwa kuzungushwa, haisukumwi; ama diski yake ina dramu ndogo tumboni yenye lainingi zake. Usipoona kimojawapo, gari litabaki bila breki ya mkono na halitapita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Muuzaji atakupendekezea kidude cha kufungia mafuta kwenye paipu. Kataa. Mafuta yakipoa presha inashuka, na gari uliloliacha kwenye mlima utalikuta bondeni. Hata mkono ukiwepo, kebo ya zamani haina urefu ule wala mvuto ule. Ukiona fundi anaikunja na kuifunga kwa klipu, msimamishe.

Kosa la kuchekesha, kama lisingekuwa breki, ni seti yenye kalipa mbili za upande mmoja. Ikifungwa upande usio wake, nipeli ya kutolea hewa inakaa chini. Hewa hupanda juu na kubaki humo, utoe hewa mara 10 kanyagio bado ni laini kama sponji. Hapo utaambiwa masta silinda imekufa na utauziwa nyingine. Kabla ya kulipa, shika kalipa zote mbili jinsi zitakavyokaa kwenye gari: nipeli lazima ziwe juu, kulia na kushoto.

Diski inayong'aa isikudanganye, leithi (mashine ya kuchonga chuma) inang'arisha chochote. Kwenye kofia au ukingoni mwake huwa pamepigwa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na namba. Diski nyembamba za nyuma zisizo na matundu ya hewa mara nyingi huwa milimita 9 au 10 zikiwa mpya, na zikipungua chini ya ile namba ni za kutupwa. Usipime kwenye ukingo wa nje, pale huachwa tuta lisilosuguliwa na pedi. Ingia ndani kama sentimita moja. Pima pia tundu la katikati. La Honda ni kubwa kuliko la Toyota ya bolti nne. Diski ya Honda inaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya Toyota vizuri tu, ila inacheza, na mtetemo wake utaulaumu kwa matairi.

Rangi nyekundu nayo ina kazi. Chini yake kuna kutu, na mara nyingi kalipa imeoshwa kwa petroli au dizeli, ambayo huvimbisha sili za breki. Funua mpira wa vumbi uone pistoni: ikiwa na vidonda vya kutu, itakwama.

Braketi hukatwa kwa gesi kutoka bati jembamba, matundu yametobolewa kwa moto, na hufungwa kwenye bati la nyuma la dramu. Bati lile lilibeba lainingi, haliwezi kubeba kalipa inayovutwa. Kwenye Corolla 100 na 110 habu hushikwa na bolti nne zinazopita kwenye bati hilo, na braketi ya maana hukaa hapo badala ya bati: chuma cha milimita 10, matundu ya drili. Bati likiwa la milimita 3, habu inasogea nje milimita 7, kwa hiyo bolti lazima ziwe ndefu kwa milimita hizohizo 7. Seti hizi haziji na bolti zozote.

Anayetaka diski nyuma kwa dhati atafute sehemu zote za gari la ukoo uleule lililotoka kiwandani nazo. Kwa Corolla hizo, Levin zenye diski nyuma. Chukua habu na kinachoibeba, kalipa, kebo za breki ya mkono na valvu, vyote kutoka gari moja. Mipira na wesha za shaba ziwe mpya, wesha mbili kwa kila bolti ya mpira. Rimu za 13 mara nyingi hugusa kalipa, jaribisha kabla ya kulipa.

Kama umeshatuma pesa na muuzaji amenyamaza, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, dakika hiyohiyo kabla hajazitoa, kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio).

Kama seti imeshafungwa, inua nyuma yote kwa jeki, kanyaga, achia, na uzungushe magurudumu kwa mkono, lisilozunguka linaburuza. Kisha kwenye uwanja mkavu usio na watu, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, funga breki kwa nguvu huku mtu akirekodi kwa simu kutoka kando. Nyuma ikishika kwanza, rudisha dramu siku hiyohiyo. Na dramu hizo, pamoja na lainingi, springi, mabati na kebo zake, usimwachie muuzaji anayeahidi kukupunguzia bei ukimpa za zamani.