Siku yetu Mwanza: Kisiwa cha Saanane asubuhi, sato wa Mwaloni mchana

Mimi ni mtu wa Mombasa, samaki wangu ni changu na tafi. Mume wangu, Baba Zawadi, kazaliwa Kisumu na kakulia ngege. Miaka saba ya ndoa tumekuwa na ubishi mmoja: mimi nasema samaki wa ziwa ananuka tope, yeye anasema samaki wa ziwa sijamla bado, nimemla tu akiwa keshasafiri siku tatu. Mwezi jana tulikuwa na harusi Migori, tukaona tuko karibu na mpaka, tukavuka Sirari na kupanda basi la Mwanza. Tulijipa siku moja nzima ya kutembea na kula.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaribia kushinda ubishi. Hoteli tuliyolala ilituletea sato, samaki wa ziwa, baada ya saa nzima na robo, nje kakaushwa, ndani mfupa bado wa baridi. Nilimrudisha. Mhudumu aliomba radhi kwa adabu, lakini bili ikaja kamili. Mji unaoamka na samaki kila asubuhi haufai kumlisha mgeni samaki wa friza, na hilo liliniuma kuliko pesa.

Saa 2 asubuhi bajaji ikatushusha Capri Point, zinapoondokea boti za Kisiwa cha Saanane. Wakenya wenzangu, beba pasipoti: mtu wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, si kwa dola. Boti haikuchukua hata robo saa, na haikuwashwa mpaka kila abiria amevaa jaketi okozi. Nahodha alirudi akaikaza kamba ya jaketi langu mwenyewe.

Jina la kisiwa ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo kabla ya mwaka 1964, Serikali ilipokifanya bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Ni kidogo, na hiyo ndiyo raha yake, kwa saa mbili umekizunguka kwa miguu. Usiende ukitarajia simba wa Serengeti. Nenda uone pimbi wameota jua juu ya majabali, swala pala wanakunywa maji ya ziwa, na mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambaye wanasayansi wamempa jina la mji huu, Agama mwanzae. Tulipanda mwamba mmoja, nikavua viatu kwa sababu ndala zinateleza (vaa raba). Kutoka juu unauona mji wote: Hospitali ya Bugando kileleni, na nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe. Baba Zawadi alinyamaza kimya. Kwao Kisumu ziwa lilelile, alisema baadaye, lakini hakuna mawe namna hii.

Njaa ikatupeleka Mwaloni, Kirumba. Hapa ndipo pa kukaa. Soko hili linanuka dagaa tangu barabarani, magunia kwa magunia, na wanunuzi wake wengine wanatoka Kongo na Burundi. Mume wangu alitembea kama mtoto aliyerudi nyumbani akakuta vitu vimebadilishwa majina. Omena hapa ni dagaa. Mbuta ni sangara. Ngege ni sato. Kamongo peke yake amebaki kamongo. Alijifunza na neno jipya, kayabo, sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa, akalirudia njia nzima.

Tuliketi kwenye kibanda cha mama mmoja wa Ukerewe, benchi mbili na majiko matatu ya mkaa. Alinisogezea beseni: "Chagua mwenyewe, dada, shemeji asije akasema nimewachagulia." Nilifunua mashavu ya sato kama ninavyofanya kwetu, matamvua yakawa mekundu kama damu ya sasa hivi. Macho yanang'aa. Akampara magamba, akamchanja mistari mitatu kila ubavu, akamtia chumvi na ndimu, basi. Hakuna bizari, hakuna tui. Mafuta yalikuwa mengi na ya moto sana, ngozi ikashika bila kugandia kikaango. Nusu ya samaki tukamla mkavu, nusu akamrosti kwa nyanya na kitunguu, pamoja na ugali wa dona, matembele na pilipili ya kusaga.

Nilianza na shavu, halafu nyama ya mgongoni. Nilikuwa naitafuta ile harufu ya tope, kwa makusudi kabisa, na haikuwapo. Nyama ilikuwa nyeupe, tamu, inaachia mwiba bila kuvutwa. Nikamwambia mume wangu hivyo hivyo, mbele ya mama: kumbe miaka yote nilikuwa namlaumu samaki kwa kosa la barafu. Kwa watu wawili, na soda mbili, hatukufika 1,500 kwa pesa za Kenya. Beba noti, na nenda kabla ya saa 8, sato wakubwa huisha. Dosari ni moja tu: maji ya kunawa yalikuwa kidogo na inzi ni wengi.

Jioni tulikwenda Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Ni jabali lililobebwa na mengine ndani ya maji, na picha haionyeshi ukubwa wake. Tulikaa mpaka jua likazama. Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora hatukufika, na yanataka siku yake.

Basi letu lilikuwa la saa 12 alfajiri, na mama wa Mwaloni huwasha jiko saa 4. Tulirudi kwa wakala wa tiketi usiku uleule, tukahamia basi la mchana.