TAHADHARI: Fundi wa kuhamisha sensa za alamu, taa zinawaka ila nyumba iko wazi

Wakuu habari zenu. Naandika hii maana jamaa bado yuko kazini, jana jirani wa mtaa wa pili kaniambia kapewa namba yake na anataka kumuita wikiendi, kwa hiyo kama uko Goba, Madale, Wazo, Mbezi mpaka kule Bunju na unafikiria kuhamisha sensa za alamu ya nyumbani au kubadilisha waya zake, soma kwanza kabla hujatoa hela ya advansi.

Jina lake siweki. Ishu iko polisi, RB ninayo, na majina yenyewe ana matatu ninayoyajua mimi, kila laini ya simu na jina lake. Anajitangaza mtandaoni kwa picha nzuri za kazi, paneli zimepangwa waya safi zimefungwa vizuri, baadaye nimekuja kugundua zile picha ni za fundi mwingine kabisa wa nje ya nchi, soketi za ukutani wala sio za hapa kwetu.

Iko hivi. Tulibomoa ukuta kati ya sebule na dainingi, na ukuta huo ndio uliokuwa na sensa ya sebule. Sensa ya korido nayo ikawa haina maana pale ilipo kwa sababu mlango uliokuwa unatazamana nayo tuliuziba. Alamu ni ya waya, imewekwa tangu nyumba inajengwa, na haijawahi kusumbua. Kwa hiyo kazi ilikuwa sensa mbili zihame, waya zirefushwe, basi. Akaniambia elfu sitini zote mbili, nikaona sawa.

Siku ya kazi ndio filamu ikaanza. Akafungua sensa ya kwanza, akachomeka mita, akakunja uso, "bosi hizi zimekufa, zikishabanduliwa ukutani hazifanyi tena kazi, lazima mpya." Huo ni uongo mtupu na ndio anaouanza nao kwa kila mtu. Sensa ya mwendo ni kiboksi cha plastiki kimeshikwa na skrubu mbili, ndani kuna bodi ndogo na sehemu za kubana waya, mbili za umeme wa volti 12, mbili za kutoa taarifa kwenye paneli yaani lile boksi kuu la alamu, mbili za tampa yaani ile swichi inayosema mtu kafungua kifuniko. Unalegeza waya, unabandua, unaenda kubandika kwingine, unabana waya zilezile kama zilivyokuwa. Hakuna kinachokufa hapo. Elfu sitini ikawa laki mbili na themanini, na zile za zamani akaondoka nazo, eti anatusaidia kutupa.

Hela ningeweza kusamehe. Kilichofuata ndio kinanifanya niandike.

Sensa mpya ya sebule aliiweka kona inayotazama mlango wa vioo wa upande wa magharibi, na juu yake pembeni kuna AC. Sasa hizi sensa hazioni mtu kama kamera inavyoona, zinapokea joto. Mwili wa mtu unatoa joto, na ile lenzi ya plastiki yenye mistari mistari inaligawa eneo katika vipande, ukipita kutoka kipande kimoja kwenda kingine sensa inaona joto limebadilika ghafla, inashtuka. Ndio maana inamkamata vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Ukiielekezea jua la saa kumi jioni linaloingia mlangoni, pazia linapepea, AC inawaka na kuzima, itashtuka tu. Sensa za bei rahisi ndio balaa zaidi kwenye joto la Dar, maana chumba kikikaribia joto la mwili wenyewe ile tofauti inakuwa ndogo, na zisizo na saketi ya kurekebisha hilo zinakosa watu halafu zinashtukia vitu vya ajabu. Mjusi akitembea juu ya lenzi ndio usiseme.

Basi siku za mwanzo alamu ikawa inalia hovyo, saa tisa usiku, saa kumi alfajiri, majirani wakaanza kununa. Nikampigia. Akaja fasta kweli, hapo simlaumu, akaingia chumba cha stoo kwenye paneli, akakaa muda mfupi tu, akatoka anajifuta jasho, "bosi nimeshusha sensitiviti, haitasumbua tena." Akachukua elfu thelathini ya usumbufu. Akanipeleka mbele ya sensa, akapunga mkono, taa nyekundu ikawaka, "umeona, inakuona." Na kweli haikulia tena. Usiku tukalala vizuri, mama watoto akanipongeza kwa kupata fundi wa maana.

Tuligundua kwa bahati. Tulitoka wote jioni, nikawasha alamu ya kutoka, kumbe dada wa kazi alikuwa amebaki chumba cha nyuma na hakusikia tukimuita. Tunarudi tunamkuta sebuleni anapiga pasi, kashapita korido na kurudi mara kibao, alamu iko oni, kipadi (kile cha kubonyezea namba ya siri) kinaonyesha iko oni, na kimya. Hajui hata kama iliwashwa.

Nikamuita shemeji yangu, yeye anafanya kazi hizi Arusha, alikuwa amekuja mjini kwa msiba. Akafungua boksi la paneli akacheka, afu akaacha kucheka. Waya za zoni mbili zilizohamishwa, zoni ni njia ya sensa moja kwenye paneli, zilikuwa zimechomolewa kabisa na kukunjwa pembeni, na kwenye zile zoni jamaa kabana risista tu, kile kidude kidogo cha kuweka ukinzani, mguu mmoja kwenye zoni mguu mwingine kwenye komoni, ile sehemu ya pamoja inayofunga njia. Ngoja nieleze kwa sisi ambao sio mafundi. Paneli inajua sensa iko salama kwa kupima ukinzani wa njia ile. Mwisho wa waya inakaa risista, kila kampuni na thamani yake, Paradox mara nyingi kilo-omu 1, DSC 5.6. Sensa ikiwa imetulia njia imefungwa, paneli inasoma ile thamani, inasema poa. Sensa ikishtuka inaikata njia, paneli inaona kukatika, king'ora. Sasa ukiweka risista palepale kwenye paneli bila sensa yoyote, paneli itasoma "poa" miaka kumi mfululizo. Mwizi anaweza kuja na ngoma akacheza sebuleni.

Na taa je? Hapa ndipo wengi tunapigwa. Ile taa nyekundu inawashwa na sensa yenyewe, inachohitaji ni umeme wa volti 12 tu. Haikuambii lolote kuhusu kama paneli imepata taarifa. Jamaa aliacha waya za umeme, akachomoa za taarifa, kwa hiyo ukipunga mkono inawaka vizuri kabisa na nyumba haina ulinzi. Nimeongea na watu wengine watatu waliofanyiwa kazi naye, wawili wamefungua boksi na kukuta mchezo uleule, yaani hii ndio "kushusha sensitiviti" kwake. Sensa ikimsumbua kwa sababu kaiweka vibaya, badala ya kuihamisha anaiziba mdomo.

Tulipopanda darini tukakuta mengine. Waya karefushia kwa waya wa spika, ameunga kwa kusokota na tepu, hakuna lehemu, hakuna konekta, na kaulaza sambamba na waya za umeme wa nyumba kwa urefu wote wa korido. Jointi za hivyo zikipata unyevu zinaanza kuleta ukinzani wa ajabu ajabu, na panya wa darini nao wana haki zao. Tampa za sensa zote mbili hazikufungwa kabisa, kwa hiyo mtu akija mchana kama mgeni akafungua kifuniko cha sensa, hakuna atakayejua.

Ya mwisho ni ya kihuni kuliko zote. Shemeji alitaka kuingia kwenye programu ya paneli arekebishe, namba ya siri ya fundi haikubali. Kumbuka alamu ina namba mbili tofauti, ya mwenye nyumba ya kuwasha na kuzima, na ya fundi ya kubadilisha mipangilio. Jamaa alibadilisha ile ya fundi na kuifungia. Nikampigia, kwa upole kabisa, akaniambia nitume laki na nusu ndio anipe, eti ni "mali ya ofisi". Nikamuuliza ofisi iko wapi, akakata simu. Paneli nyingi unaweza kuzirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, ila fundi akiwasha ule ulinzi wa kufungia, hiyo njia inakufa na unanunua bodi nyingine. Yangu ilifungiwa. Nimenunua bodi.

Mmoja wa wale watatu ana alamu ya kisasa ya kutumia simu, kwake jamaa alisajili mfumo kwa barua pepe yake mwenyewe, mwenye nyumba akaongezwa kama mtumiaji wa kawaida. Maana yake fundi akiwa popote anaona nyumba imewashwa au imezimwa, na anaweza kuizima. Sijui niite nini hiyo. Kama una alamu ya simu, leo hii ingia uangalie nani ni msimamizi mkuu.

Sasa kama unahamisha sensa zako kwa fundi yeyote yule, usikubali majaribio ya taa. Mwambie aweke paneli kwenye hali ya majaribio ya kutembea, tembea chumba kwa chumba, na kila chumba namba yake ya zoni itokee kwenye kipadi. Ukimaliza, washa alamu kama unavyoiwasha siku zote, toka nje, subiri muda wa kutoka uishe, rudi ndani kwa kupita kila sehemu, ilie kweli. Waambie majirani na kampuni yako ya ulinzi kabla, wasije kukukuta umekaa kwenye kochi unacheka. Fungua kifuniko cha sensa alamu ikiwa imezimwa, kipadi kilalamike. Zima umeme kwenye meni swichi uone betri ya paneli inashika, ile ya volti 12 na ampea-saa 7, maana wengine wanaibadilisha na iliyokufa. Hayo yote kabla ya kulipa salio, akikuambia ana haraka mwache aende na haraka yake bila hela.

Kuhusu mahali pa kuweka, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni ndio kawaida, konani, itazame ndani ya chumba na sio dirishani, mbali na AC na friji. Na usidhani sensa ya ndani itamuona mtu aliye nje ya kioo, kioo kinazuia joto la mwili, jamaa alinidanganya na hilo pia. Risista ikae upande wa sensa, sio ndani ya boksi la paneli, ili mtu akizigusanisha waya mbili katikati ya njia paneli ijue. Sensa za zamani ni zako, hata kama zimekufa kweli ziachwe mezani. Namba ya siri ya fundi andikiwa kwenye karatasi na uijaribu yeye akiwa bado yupo.

Ambaye tayari huyu mtu kapita kwake, usianze kubishana naye kwenye simu. Fanya yale majaribio ya kutembea kwanza. Zoni isipoonekana, ita fundi mwingine unayemfahamu afungue boksi, usifungue mwenyewe kama hujui maana mle kuna transfoma inaingia na volti 230 za ukutani. Piga picha kabla hajagusa kitu chochote, hizo risista zilizobanwa kwenye paneli ndio ushahidi. Polisi wameniambia tukiwa wengi jalada linasogea, kwa hiyo mwenye tukio kama langu anifuate inbox na picha zake.

Na kama kuna mtu kauziwa na huyu jamaa sensa "mpya" hivi karibuni, naomba afungue kifuniko aangalie kwa ndani. Fundi wa mwanzo aliyejenga mfumo wangu alikuwa na tabia ya kuandika kwa maka peni. Ukikuta imeandikwa SEBULE au KORIDO, hiyo ni yangu.